Hatari Ilikuwa Nje ya Uzio

Ndege iliyobadilisha maisha ya Kibondo na Kasulu haikuwahi kutua huku. Iliruka kutoka Dar es Salaam jioni ya Jumatano, tarehe 6 Aprili 1994, ikiwa na marais wawili ndani: Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Walikuwa wametoka kwenye mkutano wa viongozi wa ukanda huu, mwenyeji wao akiwa Rais Ali Hassan Mwinyi. Ndege ilikuwa ya Habyarimana, Falcon 50 aliyopewa na Ufaransa, na Ntaryamira aliamua kupanda pamoja na mwenzake. Saa mbili na dakika ishirini hivi usiku kwa saa za Kigali, ikishuka kutua uwanja wa Kanombe, ikapigwa makombora mawili yaliyorushwa kutoka ardhini. Hakupona mtu kati ya 12 waliokuwamo. Vipande vingine viliangukia bustanini mwa Ikulu ya Habyarimana mwenyewe.

Usiku ule ule mauaji yakaanza Kigali. Mwishoni mwa mwezi huo, ndani ya saa 24, Wanyarwanda wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara, kwa jirani zetu wa kaskazini. Burundi ilikuwa imekwisha kumpoteza Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993. Sasa ilimzika wa pili kabla ya miezi sita kutimia, na watu wake wakazidi kumiminika kwetu. Kanembwa, Mtendeli, Nduta, Mtabila, Muyovosi: majina yaliyokuwa ya misitu na mito yakawa majina ya kambi. Nani aliyerusha makombora yale, watu wanabishana hadi leo, na mahakama za Ufaransa zimefunga jalada bila kumtia mtu yeyote hatiani.

Nimeanzia hapo makusudi. Usalama wa ndege ukitajwa, wengi hufikiria mkanda wa suruali, viatu na chupa ya maji. Kazi hiyo naijua, kwa sababu niliifanya kwa mikono yangu. Katika miaka ya kambi nilikuwa mpekuzi wa abiria wanawake kwenye kiwanja cha ndege cha Kibondo, nikilipwa na shirika moja la misaada. Niliipenda kazi ile na bado naamini ina maana. Lakini nikiitazama historia ya mashambulizi ya ndege katika nchi zinazotuzunguka, naona jambo moja waziwazi: mara nyingi muuaji hakupita kwenye meza yangu wala meza ya mpekuzi mwingine yeyote. Alikuwa amesimama nje, chini ya njia ya ndege, mahali ambapo pangekuwa na mtu wa kumwona.

Acha nieleze kwanza meza yenyewe. Kiwanja kilikuwa cha changarawe. Watu walikikatisha kwa miguu na baiskeli kwenda mashambani, na mbuzi walipenda nyasi za pembeni. Ndege ilipokaribia, dereva wa Land Cruiser alipita njia nzima toka mwanzo hadi mwisho akipiga honi ili ng'ombe waondoke. Sisi tulikuwa chini ya turubai: mzani, meza ya kukunja, daftari, orodha ya majina. Mashine ya kuangalia ndani ya mizigo hatukuwa nayo. Kwa sababu ndege zilikuwa ndogo, abiria naye alipimwa uzito pamoja na begi lake, jambo lililowaudhi akina mama wa mjini kuliko kusachiwa kwenyewe.

Asali ndiyo iliyotupa kazi. Asali ya Kibondo inajulikana, na kila afisa aliyemaliza ziara alitaka kurudi Dar es Salaam na dumu lake. Maagizo yalisema kila chombo kifunguliwe. Nilikuwa na kijiti cha mwanzi nilichokichonga mwenyewe. Nilikitumbukiza mpaka chini ya dumu, nikakizungusha taratibu nikisikiliza kwa vidole kama kinagonga kitu kigumu. Kikigonga, mwenye dumu alimimina asali yote kwenye sufuria mbele yetu, hata kama rubani ameshawasha injini. Mara nyingi kilikuwa kipande cha sega kilichoganda. Dunia ilipopiga marufuku vimiminika vinavyozidi mililita 100 kwenye mizigo ya mkononi, baada ya njama ya London ya Agosti 2006 ya kulipua ndege kwa vimiminika, sikushangaa. Tulikuwa tumekwisha kuhangaika na vimiminika muda mrefu.

Kwa akina mama wakimbizi kazi ilihitaji moyo. Nilinawa mikono mbele yao, nikasalimia, "Mwakeye," kwa kuwa Kiha chetu na Kirundi vinaelewana. Mtoto alipokelewa na mwanamke mwingine, mbeleko ikafunguliwa, nikapapasa kila pindo na kila fundo. Niliyoyakuta mafundoni: kadi ya kliniki, chumvi, hela za Burundi zisizonunua kitu tena, na mara moja mbegu za maharage zilizofungwa kwa uangalifu kama dawa. Mwenyewe alikuwa anahamia Marekani. Nilizirudisha fundoni nikamfungia mbeleko.

Kanuni nilizozifuata hazikutungwa Kibondo wala Dar es Salaam. Zilitokana na Mkataba wa Chicago wa 1944 uliozaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Utekaji wa ndege ulipokuwa umekithiri duniani, shirika hilo likapitisha tarehe 22 Machi 1974 Kiambatisho cha 17, kinachozitaka nchi zote wanachama kulinda abiria, wahudumu na ndege dhidi ya uhalifu wa aina hiyo. Roho ya kiambatisho hicho, kwa wakati wake, ilikuwa mlango: nani anaingia ndani ya ndege, na ameingia na nini.

Na kweli mlango ulikuwa umetuumiza. Juni 27, 1976, ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv ilitekwa baada ya kusimama Athens. Watekaji wanne walipanda hapo wakitokea kwenye ndege nyingine, na mizigo yao haikukaguliwa vizuri. Wakaipeleka Benghazi kisha Entebbe, kwa Idi Amin. Makomando wa Israeli walipowaokoa mateka usiku wa kuamkia Julai 4, mateka watatu walikufa katika mapigano, na bibi mmoja mzee, Dora Bloch, aliyekuwa amepelekwa hospitali Kampala, akauawa baadaye. Askari wa Uganda waliokufa walikuwa makumi. Hayo yote yalianzia kwenye begi ambalo mtu mmoja Athens aliliacha lipite.

Yetu sisi wenyewe ilikuja Februari 26, 1982. Boeing 737 ya Air Tanzania iliyokuwa inatoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilitekwa na vijana wa Kitanzania waliojiita harakati ya vijana ya kidemokrasia. Walimtaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Nilikuwa msichana wa shule Kasulu, na baba alikuwa na redio ya National iliyokaa juu ya kabati, haikuguswa na mtu mwingine. Tulisikia Nairobi, tukasikia Jeddah, tukasikia Athens, mwisho tukasikia jina ambalo hakuna aliyelijua pale nyumbani: Stansted, nje ya London. Rubani msaidizi alijeruhiwa kwa risasi. Watekaji walijisalimisha baada ya zaidi ya siku moja pale uwanjani, wakahukumiwa vifungo Uingereza. Baba, ambaye maisha yake yote alisafiri kwa treni ya reli ya kati, aliuliza swali moja tu: "Hao Mwanza hawakuwapekua?" Nadhani swali hilo lilinikaa, kwa sababu lilinirudia siku niliyopewa kitambulisho cha kazi.

Lakini hata mlango uliofungwa vizuri una mipaka yake. Novemba 23, 1996, ndege ya Ethiopian iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilitekwa na watu watatu waliotaka kupelekwa Australia. Bomu walilodai kuwa nalo halikuwapo. Shoka walilochukua lilikuwa la ndege yenyewe, lile la dharura. Rubani Leul Abate aliwaambia mafuta hayatoshi, hawakusadiki, na Boeing 767 ile ikaangukia baharini karibu na ufukwe wa Komoro. Walikufa 125 kati ya 175, mmoja wao Mohamed Amin, mpiga picha aliyeanzia kazi Dar es Salaam na ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia ya 1984 ziliiamsha dunia nzima. Mwezi huo huo wa Novemba 1996, kwetu Kasulu, kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa kwa ajili ya Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita ya Kivu.

Sasa tazama upande wa pili, upande ambao kwa maoni yangu ndio historia halisi ya ukanda wetu. Baada ya Kanombe 1994, ilikuja Kindu. Tarehe 10 Oktoba 1998, Boeing 727 ya Congo Airlines iliangushwa kwa kombora la waasi karibu na mji huo, ng'ambo ya ziwa letu, na watu 41 wakafa. Waasi walisema ilibeba askari. Wenye ndege walisema ilibeba raia, wakiwamo wanawake na watoto. Kisha Bujumbura: Desemba 4, 2000, Airbus A330 ya Sabena ikiwa inatua ilimiminiwa risasi, na watu wawili ndani wakajeruhiwa. Bujumbura si mbali na sisi. Mtu wa Manyovu akipanda kilima huiona Burundi. Habari zile zilitufikia kwa wakimbizi wapya kabla ya magazeti.

Kisha Mombasa. Asubuhi ya Novemba 28, 2002, ndege ya Arkia, Boeing 757 yenye watu 271, ilikuwa ndiyo kwanza imepaa kuelekea Tel Aviv pale makombora mawili yalipopita karibu nayo bila kuigusa. Yalirushwa kutoka nje ya uwanja, umbali wa kilometa mbili hivi. Karibu saa ile ile gari la mabomu liliingia hoteli ya Paradise, Kikambala, likaua Wakenya 10 na Waisraeli 3. Al-Qaida ilijitangaza kuhusika. Mei iliyofuata serikali ya Uingereza ikasimamisha ndege zake zote kwenda Kenya kwa wiki kadhaa, na watu wa hoteli za pwani wakalala njaa kwa sababu ya makombora ambayo hayakupiga kitu.

Makombora matano na risasi zile za Bujumbura: hakuna hata moja lililopita kwenye meza ya upekuzi. Silaha iliyotumika Mombasa, Strela-2 ya Kirusi, huwekwa begani. Pamoja na bomba lake ina kilo 15 hivi na urefu wa kama mita moja na nusu, hufuata joto la injini, na hufika zaidi ya kilometa tatu. Na wala si lazima iwe kombora. Ndege kubwa hushuka kwa pembe ya nyuzi 3. Ikiwa imebakiza kilometa 5 kugusa ardhi, iko mita 260 tu juu ya vichwa vya watu, mwendo umepunguzwa, matairi yameshatolewa, haiwezi kukwepa. Hapo bunduki ya kawaida inaifikia. Bunduki iliyokuwa ikisimamisha basi la Kasulu kwenda Kibondo ilikuwa na uwezo wa kupiga ndege.

Na bunduki hizo zilikuwapo. Vita ya Burundi ya 1993 hadi 2005 ilizimwaga mipakani, kuanzia Mabamba hadi Heru Juu. Kwa miaka mingi mabasi yetu hayakuondoka bila polisi wa kusindikiza. Abiria tulijua vizuri kona za msituni ambako dereva huacha kuzungumza. SMG ilifukiwa shambani, ikauzwa kwa bei ya ng'ombe, ikarudi msituni. Wakati huo mimi nachokonoa asali kwa mwanzi.

Serikali zililiona hilo, na nasema hivyo kwa heshima. Machi 15, 2000, nchi kumi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Tanzania ikiwamo, zilitia saini Azimio la Nairobi juu ya silaha ndogo. Aprili 21, 2004 likazaa Itifaki ya Nairobi inayofunga nchi kisheria, na ndani yake makombora ya begani yametajwa pamoja na bunduki. Mwaka uliofuata ikaundwa RECSA, yenye makao Nairobi, ya kusimamia utekelezaji. Kwetu, polisi waliwekwa kambini kwa makubaliano ya Serikali na UNHCR, na Septemba 2013 Operesheni Kimbunga ilipita Kagera, Kigoma na Geita, bunduki zikasalimishwa na nyingine kukamatwa. Operesheni ile iliwaumiza pia watu waliokuwa wameishi nasi miaka mingi bila karatasi, na wengine walivushwa mpaka wakiacha wake na watoto Tanzania. Hayo nayo ni sehemu ya historia hii.

Lakini uzito wa dunia, fedha zake na hofu yake, vilibaki mlangoni. Baada ya Septemba 11, 2001, aliyebanwa kuliko wote huku kwetu alikuwa mkimbizi. Watekaji 19 wa siku ile waliingia Marekani kwa viza za kawaida. Hakuna hata mmoja aliyeingia kama mkimbizi. Hata hivyo Marekani ilisimamisha kuwapokea wakimbizi kwa miezi kama miwili, na mwaka wa fedha uliofuata, kati ya nafasi 70,000 zilizotengwa, ilipokea takriban 27,000. Warundi waliokimbia mwaka 1972 walipoanza kuchukuliwa mwaka 2007 kutoka kambi zetu, walihojiwa, wakahojiwa tena, wakachukuliwa alama za vidole, wakapimwa vifua, kisha wakaja kwangu na mifuko myeupe ya plastiki ya Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, wakiwa wameikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Januari 27, 2017 amri nyingine ya Washington ikasimamisha mpango wote kwa siku 120, na Nyarugusu wapo waliokuwa wameshauza masufuria na magodoro.

Sisemi upekuzi uachwe. Februari 2, 2016 bomu lililofichwa ndani ya kompyuta ya mkononi lilitoboa ubavu wa ndege ya Daallo muda mfupi baada ya kupaa Mogadishu. Ndege ilirudi ikatua salama, na aliyekufa ni mbebaji wa bomu pekee. Picha za kamera za uwanjani zilionyesha kompyuta ile ikikabidhiwa na wafanyakazi wa uwanja. Kwa hiyo mpekuzi naye apekuliwe, kila siku, bila aibu. Sisi tulifanya hivyo kwa zamu, mimi na mwenzangu, kabla ya abiria wa kwanza.

Ninachosema ni kwamba eneo la kulindwa ni kubwa kuliko uzio wowote. Kombora linalofika kilometa tatu linamaanisha vijiji, mashamba, mabonde, vichaka vya malisho. Hakuna wilaya yenye askari wa kutosha kusimama kote huko, na si lazima wawepo, kwa sababu watu tayari wapo. Mchunga mbuzi anayekaa pembeni ya njia ya ndege kuanzia asubuhi anajua gari geni kabla ya kamera. Mrina asali anajua nani kalala msituni jana. Siku zile tulipata taarifa zao kwa bahati tu, kupitia kwa mama muuza ndizi aliyesikia kisimani. Hakuna aliyewahi kuwaita kwenye kikao chetu cha usalama, na waliojaribu kwenda kituoni kusema wameona bunduki wakati mwingine waliishia kuulizwa wao waliijuaje.

Kwa hiyo naomba, na naomba kwa wanaohusika moja kwa moja: wakuu wa wilaya za Kibondo, Kasulu, Kakonko na Buhigwe, na wenzetu wa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mnapokaa vikao vya ulinzi wa viwanja vyetu, mwiteni mwenyekiti wa kila kijiji kinachopakana na kiwanja, aje na mfugaji mmoja na mwanamke mmoja. Wapeni namba ya simu inayopokelewa usiku na mchana. Na mtu atakayepiga kusema ameona bunduki, asilale rumande.